Bembezi Irejee Masikioni: Mtoto Mchanga na Muziki wa Nyumbani Katika Pwani ya Kusini ya Kenya

Miongoni mwa tanzu za fasihi simulizi, ni chache zinazofundishwa kwa haraka kama bembezi. Mwanafunzi wa shule ya upili hupewa sifa zake tano au sita: ni fupi, huimbwa kwa sauti ya chini, hurudiarudia maneno, huimbwa na mama au yaya, hudhamiria kumlaza mtoto au kumnyamazisha anapolia. Akifika katika Karatasi ya Tatu ya KCSE, huwekewa maneno ya wimbo mbele yake, akaulizwa wimbo huo ni wa aina gani, nafsineni ni nani na ushahidi wake ni upi. Akijiunga na chuo kikuu, hukutana tena na utanzu huo katika uainishaji wa M. M. Mulokozi uliochapishwa katika jarida la Mulika mwaka 1989, ambamo nyimbo zimewekwa chini ya ushairi simulizi. Baada ya hapo bembezi husahaulika. La kushangaza ni kwamba mwanafunzi huyo anaweza kuhitimu shahada ya kwanza, na hata ya pili, bila kuwahi kuimba bembezi moja wala kuisikia ikiimbwa darasani.

Makala haya yanadai kwamba upungufu huo si wa mitaala peke yake. Umeanza kuingia nyumbani pia, mahali ambapo bembezi huzaliwa. Dai lenyewe ni hili: muziki wa kwanza wa mtoto mchanga unapaswa kuwa sauti ya watu wa nyumbani mwake, katika lugha ya nyumbani mwake, na wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili wana wajibu wa kuitetea sauti hiyo hata pale lugha yenyewe isipokuwa Kiswahili. Mfano utakaotumika ni wa Kwale, kuanzia Diani na Ukunda hadi Msambweni, Shimoni na Vanga, eneo ambalo Kidigo, Kiduruma na lahaja za Kiswahili za Vumba na Chifundi zimeishi ujirani kwa karne nyingi.

Sikio hutangulia ulimi

Wahenga waliposema kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo hawakuwa na maabara. Hata hivyo, utafiti wa miongo ya karibuni umeonyesha kwamba malezi ya sikio huanza mapema sana. Mtoto husikia akiwa bado tumboni, hasa katika miezi mitatu ya mwisho ya mimba. Mwaka 1980, Anthony DeCasper na William Fifer walichapisha utafiti juu ya watoto ambao hawakuwa wametimiza siku tatu tangu kuzaliwa. Watoto hao walipewa chuchu ya mpira iliyounganishwa na kinasasauti, na ikadhihirika kwamba walibadilisha mwendo wao wa kunyonya ili waisikie sauti ya mama zao badala ya sauti ya mwanamke mwingine. Mwaka 2009, István Winkler na wenzake walipima ubongo wa watoto wa siku mbili au tatu waliokuwa usingizini huku wakichezewa mapigo ya ngoma. Pigo kuu lilipoachwa kwa makusudi, ubongo wa watoto hao ulionyesha kwamba ulikuwa ukilingojea.

Matokeo hayo mawili yanatosha kubatilisha dhana kwamba mtoto mchanga ni chombo kitupu kinachosubiri kujazwa muziki. Mtoto huja duniani akiwa tayari anaijua sauti moja na anautarajia mdundo. Kwa hiyo swali la mzazi halipaswi kuwa: mtoto aanze kufunzwa muziki lini? Swali ni: muziki ambao tayari anaufuata ni wa nani, na unatoka wapi?

Lipo jambo la tatu linalowahusu zaidi wanaisimu. Mwaka 1984, Janet Werker na Richard Tees, waliofanya utafiti wao nchini Kanada, waligundua kwamba watoto wa miezi sita hadi minane kutoka nyumba zinazosema Kiingereza waliweza kutofautisha sauti za Kihindi na za lugha moja ya wenyeji asilia wa Kanada, sauti ambazo watu wazima wasemao Kiingereza hawakuweza kuzitofautisha. Walipofikia miezi kumi hadi kumi na miwili, wengi wao uwezo huo ulikuwa umefifia. Sikio lilikuwa limekwisha kuchagua lugha ya nyumbani na kuziacha nyingine.

Funzo hilo likiletwa Kwale, uzito wake unaonekana mara moja. Kidigo kina sauti ambazo Kiswahili Sanifu hakina: Mswahili asemapo maji na jua, Mdigo husema madzi na dzuwa. Tena Kidigo ni lugha ya toni, ilhali Kiswahili Sanifu kilikwisha kupoteza toni na kubaki na mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho. Mtoto anayebembelezwa kwa Kidigo hupokea kiimbo cha wimbo na toni za maneno kwa pamoja, akiwa mapajani, kabla hajajua kwamba hiyo huitwa lugha. Hii haina maana kwamba mtu mzima hawezi kujifunza Kidigo, wengi wamejifunza. Maana yake ni kwamba kile kinachopatikana bure katika mwaka wa kwanza hutafutwa baadaye kwa jasho.

Nyumba ya Kwale na sauti zake

Wazazi wengi wa siku hizi hudhani kwamba kumwingiza mtoto katika muziki ni jambo la gharama: kununua redio, runinga au simu yenye nyimbo za watoto. Nyumba ya pwani ya kusini, ikitazamwa kwa makini, inaonyesha vingine.

Katika nyumba za Kiislamu, ambazo ndizo nyingi miongoni mwa Wadigo, sauti ya kwanza inayoelekezwa kwa mtoto kwa makusudi ni adhana katika sikio la kulia, ikifuatiwa na ikama katika sikio la kushoto. Mtoto hukaribishwa duniani kwa sauti ya binadamu yenye mapigo, mivuto na vituo. Zifuatapo siku arubaini, ambapo mama na mtoto hukaa ndani wakihudumiwa na wanawake wenye uzoefu: nyanya, shangazi, mkunga. Mtoto huogeshwa, hukandwa kwa mafuta, hupakatwa, hupokezanwa kutoka mkono hadi mkono. Karibu kila tendo kati ya hayo lina mwendo wake, na kila mwendo huvuta wimbo wake.

Baada ya arubaini mtoto hufungwa mgongoni kwa leso. Hapo ndipo anapopata ngoma yake ya kwanza. Mama akitwanga, mchi unaposhuka kinuni mwili mzima hutikisika, na mtoto hulisikia pigo kifuani mwake kabla ya kulisikia masikioni. Mama akikuna nazi, mbuzi hutoa mkwaruzo wa taratibu usiobadilika. Mama akisuka ukili, vidole vina hesabu yake. Mwanafunzi wa ushairi anayehangaika kuhesabu mizani kwa ncha za vidole angefaa akumbuke kwamba nane kwa nane ya shairi haikubuniwa karatasini. Wengi wa waliotunga na kughani zamani walikuwa na mizani masikioni kwa sababu walilelewa ndani ya mapigo.

Nje ya nyumba kuna hazina kubwa zaidi. Sengenya ya Wadigo ina ngoma zake, nzumari na upatu. Ipo chivoti, filimbi inayopulizwa ikiwa imelazwa ubavu. Lipo kayamba la Wamijikenda, lililotengenezwa kwa matete na kujazwa mbegu. Zipo kasida na dufu za maulidi, na zipo nyimbo za kimai za wavuvi na mabaharia. Mtoto anayechukuliwa mgongoni hadi harusini au maulidini huvisikia vyote hivyo kwa umbali wake na kwa kadiri yake. Hata hivyo, mtoto mchanga haanzii ngomani. Huanzia kwenye sauti moja anayoijua, nayo ni ya mtu anayempakata.

Wimbo wenye hadhira mbili

Sababu nyingine ya kuitetea bembezi ni ya kifasihi hasa, na ndiyo inayopuuzwa zaidi katika uhakiki wa darasani. Bembezi ni wimbo wenye hadhira mbili. Hadhira ya kwanza ni mtoto, asiyeelewa maneno. Hadhira ya pili ni kila mtu mzima aliye karibu: mume aliyeketi barazani, mama mkwe aliyeko jikoni, mke mwenza, jirani. Kwa kuwa mtoto haelewi, mama ana uhuru wa kusema. Akilalamikia upweke, njaa, safari ndefu za baba wa mtoto au maneno ya mawifi, hakuna anayeweza kumshtaki, kwani alikuwa anambembeleza mtoto tu.

Mbinu hii ni jamaa ya jina la leso na jamaa ya mafumbo ya taarab. Ni sanaa ya kusema bila kusema, na wanawake wa pwani wamekuwa mafundi wake kwa muda mrefu. Mwana Kupona binti Mshamu alipomtungia binti yake utendi mnamo mwaka 1858, alitumia nafasi ile ile ya mama kusema na mwana ili kuzungumza na jamii nzima. Tofauti ni kwamba utendi wake uliandikwa na kuhifadhiwa, ilhali maelfu ya bembezi zilizotungwa na wanawake wasiojulikana hazikupata karatasi. Kwa hiyo bembezi inaponyamaza ndani ya nyumba, mtoto hapotezi wimbo wa usingizi peke yake. Mwanamke naye hupoteza jukwaa, na mhakiki wa kesho hupoteza ushahidi wa maisha ya jana.

Hoja za upande wa pili

Ni haki kuzisikiliza sauti zinazopinga, kwani nyingine zina uzito.

Hoja ya kwanza husema kwamba nyimbo zilizorekodiwa ni bora kuliko sauti ya mama asiye mwimbaji. Hoja hii ilipata nguvu duniani baada ya mwaka 1993, Frances Rauscher na wenzake walipochapisha katika jarida la Nature kwamba wasikilizaji wa muziki wa Mozart walifanya vyema zaidi katika majaribio fulani ya akili. Habari hiyo ilivuma hata mwaka 1998 gavana wa jimbo la Georgia nchini Marekani, Zell Miller, akaomba dola 105,000 ili kila mtoto anayezaliwa jimboni apewe muziki wa namna hiyo. Kilichosahauliwa ni kwamba waliojaribiwa walikuwa wanafunzi 36 wa chuo kikuu, si watoto wachanga, na kwamba athari yenyewe ilidumu kwa dakika kumi au kumi na tano tu. Hakuna aliyekuwa amethibitisha kwamba mtoto mchanga huwa na akili zaidi kwa kusikilizishwa Mozart. Biashara ilitangulia, ushahidi ukabaki nyuma.

Kwa upande wa bembezi, ushahidi unaelekea kwingine. Mwaka 2018, Samuel Mehr na wenzake waliwasikilizisha watu kutoka nchi 60 nyimbo za jamii ndogo 86 wasizozijua, na wasikilizaji hao waliweza kutambua ni zipi za kubembelezea na ni zipi za kuchezea ngoma. Mwaka 2021 utafiti mwingine ulionyesha kwamba mapigo ya moyo ya watoto wachanga hupungua zaidi wanaposikia bembezi, hata zikiwa za lugha ngeni, kuliko wanaposikia nyimbo za aina nyingine. Bembezi basi ina umbo lake linalotambulika na mwili wa mtoto. Nayo sauti ya mama ina jambo ambalo mashine haina: humwangalia mtoto usoni. Mtoto akitoa kijisauti, mama hukatiza, humjibu, kisha huendelea. Simu haikatizi wala haijibu.

Kuhusu simu na runinga, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019 likishauri kwamba mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asiwekwe mbele ya skrini kabisa. Hata hivyo, katika nyumba za mijini kama Ukunda si ajabu kumkuta mtoto asiyeweza kuketi akiwa amelazwa mbele ya simu inayoimba kwa lugha ambayo hakuna mtu wa nyumba hiyo anayeisema kwa mtoto. Na kuna kinaya hapa. Jioni hiyo hiyo, katika hoteli za ufuo wa Diani, vikundi vya ngoma huwatumbuiza wageni kwa midundo ya Kimijikenda. Mgeni aliyevuka bahari husikia ngoma ya mwenyeji, na mtoto wa mwenyeji husikia wimbo wa mgeni.

Hoja ya pili ni ya kidini. Wapo wazazi wanaouogopa muziki kwa sababu za imani, na wapo wanaoliogopa kayamba kwa kuwa hutumika pia katika uganga na ngoma za pepo. Wasiwasi huo unastahili heshima, na wanafunzi wa fasihi hawana mamlaka ya kutoa fatwa. Wanachoweza kusema ni kwamba bembezi haihitaji ala yoyote. Ni sauti tupu ya mzazi. Nyumba isiyotaka ngoma inaweza kumlea mtoto kwa kasida, kwa dhikri na kwa bembezi zenye kumsifu Mungu na kumtaja Mtume, na sikio la mtoto lisipungukiwe na mahadhi wala mapigo.

Hoja ya tatu ni ya maisha, na ndiyo nzito kuliko zote. Mama anayefanya kazi kwa zamu hotelini hutoka alfajiri na kurudi usiku. Mama wa Kinango hufuata maji mwendo mrefu. Je, aongezewe kazi ya kuimba? Jibu ni kwamba bembezi haikuwahi kuwa kazi ya ziada. Iliimbwa ndani ya kazi: wakati wa kuogesha, kunyonyesha, kutwanga, kutembea. Tena si ya mama peke yake. Nyanya anayebaki na mtoto anaijua. Yaya anaweza kuileta yake kutoka kwao. Baba naye, anayejitoa kwa kisingizio kwamba bembezi ni ya wanawake, ana hodiya na kimai alizorithi kutoka kwa wazee wake, na wimbo wa kuvutia mtumbwi ukipunguzwa kasi na sauti huweza kumlaza mtoto vizuri kabisa.

Kidigo au Kiswahili?

Hapa ndipo penye swali linaloweza kuwagawanya wasomaji wa jarida la Kiswahili. Je, mwanachama wa chama cha Kiswahili anapaswa kumhimiza mzazi wa Msambweni abembeleze kwa Kidigo? Wapo watakaosema kwamba kufanya hivyo ni kurudisha nyuma lugha ya taifa. Wapo wazazi pia wanaokiacha Kidigo nyumbani kwa nia njema, wakiamini kwamba mtoto atafaulu zaidi shuleni akianza mapema na Kiswahili na Kiingereza.

Woga huo hauna msingi. Derek Nurse na Thomas Hinnebusch, katika kitabu chao cha mwaka 1993 kuhusu historia ya lugha za Sabaki, walionyesha kwamba Kiswahili, Kingazija na jamaa zake, Kimijikenda, Kipokomo na Kiilwana ni watoto wa mama mmoja. Anayekisikia Kidigo hasikii adui wa Kiswahili. Amsikia ndugu yake. Ngeli zinafanana, upatanisho wa kisarufi unafanana, na msamiati mwingi ni wa shina moja. Mtoto aliyekwisha kuzoea upatanisho wa Kidigo katika bembezi hukutana na ule wa Kiswahili kama mtu anayekutana na jamaa wa ukoo. Mtaala wa umilisi wenyewe umeelekeza kwamba watoto wa madarasa ya mwanzo wafundishwe kwa lugha ya eneo lao, na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 7, imeipa Serikali wajibu wa kukuza lugha za wenyeji. Lakini hakuna katiba inayoweza kuimba. Lugha ambayo haikuingia sikioni nyumbani hufika shuleni kama somo geni.

Historia ya pwani hii ina onyo lake. Wasegeju wa upande wa mpaka wa Kenya na Tanzania walikuwa na lugha yao, jamaa ya Kidaiso. Leo wengi wa wazao wao wanasema Kidigo au Kiswahili. Kuhusu lahaja za Chifundi na Vumba, Nurse na Martin Walsh waliandika mwaka 1992 kwamba sehemu yake ilikuwa imehama lakini hazijafa. Kuhama huko hakukuamuliwa katika mkutano wowote. Kuliamuliwa nyumbani, kidogo kidogo, mtu mmoja mmoja, kwa maneno ambayo mtoto aliambiwa na maneno ambayo hakuambiwa.

Aidha, nyumba za Kwale si za lugha mbili tu. Wapo Wakamba waliokaa huko kwa vizazi kadhaa, na wapo Wamakonde, ambao baada ya kutembea kutoka Kwale kuelekea Nairobi mwaka 2016 walitambuliwa rasmi mwaka uliofuata kuwa kabila la 43 la Kenya. Kila moja ya nyumba hizo ina bembezi zake. Mtoto wa ndoa iliyochanganya makabila anaweza kubembelezwa kwa lugha mbili, moja ya mama na moja ya baba, na Kiswahili kikawa cha tatu. Sikio la mtoto lina nafasi ya kutosha. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu wa kuimba.

Namna ya kuanza

Kwa kuwa makala haya yanahimiza tendo, inafaa yaseme tendo lenyewe ni lipi. Wimbo mmoja unaorudiwa kila siku kwa wakati ule ule, kwa mfano baada ya kuoga, humfaa mtoto mchanga kuliko nyimbo kumi mpya. Sauti iwe ya chini na karibu. Jina la mtoto litiwe ndani ya wimbo, kama ilivyokuwa desturi ya watunzi wa bembezi. Mwimbaji asimame mara kwa mara ili mtoto apate nafasi ya kujibu kwa miguno yake. Pawe pia na kimya, kwani sikio linalopigiwa redio mchana kutwa huzoea kutosikiliza.

Mtoto akianza kushika vitu, anaweza kupewa cha kupiga: kifuu cha nazi, mwiko na sufuria. Kayamba litikiswe na mkubwa, asiachiwe mtoto. Mbegu za turituri zitumiwazo kwa kayamba, zile nyekundu zenye doa jeusi, zina sumu zikitafunwa, na mbegu yoyote ndogo yaweza kumkaba mtoto. Akiwa harusini, asiwekwe karibu na vipaza sauti, kwa maana sikio lililoumizwa halina fundi wa kulirudisha lilivyokuwa.

Wajibu wa wanafunzi wa Kiswahili

Mwaka 2008 misitu ya makaya ya Wamijikenda, pamoja na Kaya Kinondo iliyo karibu na Diani, iliandikishwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia. Mwaka uliofuata, mila zinazohusiana na makaya hayo ziliwekwa katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa dharura. Msitu unaweza kuwekewa mipaka na walinzi. Bembezi haina mpaka wa kuwekewa. Ama imo kinywani mwa mtu, ama haimo popote.

Kwa sababu hiyo, vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vinaweza kufanya mambo matatu yasiyohitaji ufadhili mkubwa. Kwanza, kila mwanachama aendaye likizo, awe anatoka Msambweni, Kinango, Busia au Kitui, arudi na bembezi moja ya kwao, pamoja na jina la kijiji, lugha, na maelezo ya wakati inapoimbwa. Airekodi kwa idhini ya mwimbaji, na nakala ibaki na mwimbaji mwenyewe na jamaa yake. Ni aibu kwa sauti ya nyanya wa Lunga Lunga kuhifadhiwa katika maktaba ya chuo huku wajukuu zake hawana njia ya kuisikia.

Pili, wahadhiri wanaofundisha fasihi simulizi waitake bembezi iimbwe kabla ya kuchambuliwa. Nafsineni, takriri, mishororo na dhamira vitajadiliwa, lakini baada ya sikio kupata haki yake. Mwanafunzi atakayeona haya kuimba mbele ya wenzake atajifunza jambo muhimu kuhusu utanzu huo: kwamba ni wa ndani, kati ya watu wawili, na kwamba kuuhamisha darasani ni kuubadilisha. Hilo lenyewe ni somo la muktadha ambalo halipatikani kwa kusoma mishororo iliyopigwa chapa.

Tatu, na hili ndilo gumu zaidi, wanafunzi hao watakapokuwa wazazi, na wengine tayari ni wazazi, waimbe. Taaluma inayokusanya nyimbo za watoto huku watoto wa wanataaluma wakilazwa kwa simu haiwezi kumshawishi mama yeyote wa Ukunda. Anayeijua bembezi ya kwao aiimbe kama alivyoipokea. Asiyeijua aulize kwao wangali wapo wa kuulizwa, na akikosa kabisa atunge yake, kwani hata zile zinazoitwa za jadi zilitungwa siku moja na mtu aliyekuwa na mtoto analia.